Sina gari, lakini waya za kubusti ninazo

Leo sitaki mambo ya mapenzi wala visa vya mawifi. Leo tuongee betri. Usifunue ukurasa kwanza! Najua dada zangu wengi wakisikia neno betri wanasema hayo ni ya mafundi, na kaka zangu nao wanasema hayo wanayajua tangu tumboni mwa mama. Basi hao wa kundi la pili ndio hasa ninaowaandikia, maana katika mji huu wa Dar es Salaam sijapata kuona jambo lenye walimu wengi na wanafunzi wachache kama kubusti gari.

Kama unabisha, jaribu. Simama nje ya soko lolote, fungua boneti, kisha shika kiuno. Hazipiti dakika mbili utakuwa umezungukwa. Yupo atakayesema sukuma. Yupo atakayesema ligongwe stata kwa nyundo. Yupo atakayeomba ufunguo ajaribu yeye, kana kwamba gari linachagua mkono wa mtu. Na yupo mmoja, huyu hakosekani, anayekuja na vipande viwili vya waya ya nyumba alivyovimenya plastiki kwa meno, anasema, "Lete gari hapa, sekunde moja tu." Huyo, ndugu yangu, mkimbie.

Mimi gari sina. Ila chini ya kitanda changu zipo waya za kubusti, nyekundu na nyeusi, nene kama kidole gumba, na mtaani kwetu watu wanakuja kuzigongea hodi kuliko wanavyokuja kuomba chumvi. Nilivyozipata ni kisa.

Ilikuwa masika ya 2024, zile mvua ambazo wakazi wa mji huu hawajazisahau. Nilikuwa kwa dada yangu, Tabata, nimekwenda kumsaidia kazi kwa kuwa alikuwa amebakiza siku za kuhesabu. Saa nane za usiku nasikia ananiita, na si ile sauti ya kuitisha maji ya kunywa. Chupa imepasuka. Na huo ulikuwa uzazi wa tatu, ambao kina mama mnajua, hausubiri mtu achane nywele. Shemeji akatoka mbio na ufunguo, mimi nikabeba beseni, kanga na kadi ya kliniki. Dada tukamkalisha kibarazani. Shemeji akawasha gari. Gari likajibu tik. Akarudia. Tik-tik-tik-tik, kama kuku anayedonoa bati, taa za dashibodi zikafifia, kisha kimya, ikabaki mvua tu.

Mchana wa siku ile watoto wa nyumba walikuwa wamecheza ndani ya gari, wameliendesha hadi Mwanza na kurudi bila ufunguo, na waliposhuka waliacha taa ya ndani inawaka. Taa yenyewe ndogo kama kipepeo. Lakini betri ikishachoka kidogo, taa ya namna hiyo ikikesha mchana na usiku inatosha kabisa.

Huo mlio wa tik-tik una maana yake. Betri ya gari dogo ni seli sita zilizofuatana, kila moja volti 2 na pointi kidogo, jumla yake ikijaa sawasawa ni kama volti 12.6. Ikishuka karibu na 11.8, hapo haina kitu. Inaweza bado kuwasha redio, inaweza kuwasha taa za ndani, ikakudanganya kwamba ipo. Lakini stata si redio. Stata inataka ampea mia na zaidi kwa mara moja ili iuzungushe mtambo mzima wa chuma. Betri iliyochoka inapata nguvu ya kuvuta swichi ya stata, tik, ikifika kwenye kuzungusha injini inaishiwa, swichi inaachia, inavuta tena, tik. Kwa hiyo ukisikia hivyo usiendelee kukata ufunguo mara ishirini. Unamalizia hata kile kilichobaki.

Tukapiga simu kwa bajaji. Wa kwanza hapatikani. Wa pili akasema barabara ya kwetu imekuwa mto na yeye hana mtumbwi.

Makelele yakawaamsha majirani, na kwa hilo nawasifu watu wa Tabata, walitoka na mvua ile. Wa kwanza kufika alikuwa kijana mmoja mwenye kifua, akainama nyuma ya gari, "Tusukume!" Shemeji naye kwa kuchanganyikiwa akainama. Gari lenyewe otomatiki! Tungelisukuma hadi Buguruni lisingewaka. Gari la gia za kawaida unaweza kulishtua, unaweka gia ya pili, umekanyaga klachi, likishika mwendo unaachia, magurudumu yanazungusha injini. Otomatiki haina klachi ya kuachia. Gia boksi yake inashikana na injini kwa nguvu ya mafuta, na pampu ya hayo mafuta inaendeshwa na injini hiyohiyo iliyolala. Sasa nani ataanza kumwamsha mwenzake? Siku hizi magari mengi yanayoshushwa bandarini kutoka Japani ni otomatiki, lakini watu bado wana mazoea ya enzi za baba zao.

Wa pili kufika alikuwa dereva wa Coaster, daladala analaza kwake. Huyu alikuja na moyo mweupe kabisa. "Shemeji, mimi nina betri mbili kubwa, hapa ni kugusa tu." Akaliwasha, akalisogeza, pua kwa pua na gari la shemeji, waya tayari anazo mkononi. Mimi nikashukuru Mungu. Dada pale kibarazani ameshika nguzo, anapumua kama mtu anayepandisha mlima.

Hapo ndipo akatokea mzee.

Mzee huyu tunaishi naye nyumba ya tatu. Amestaafu zamani, alikuwa fundi umeme wa malori. Upande wa kushoto wa uso wake una makovu kuanzia sikioni hadi kidevuni, na jicho la upande huo ni jeupe. Watoto wa mtaa wanasema aliumia kwenye vita vya Kagera, na yeye hajawahi kukanusha. Akaja amejifunga msuli, tochi mkononi, mwavuli kichwani, hana haraka.

"Hiyo Coaster volti ngapi?"

Dereva kimya.

"Nauliza volti ngapi."

"Mzee, si betri tu? Betri ni betri."

"Fungua tuone."

Ikafunguliwa. Betri mbili zimefungwa kwa kufuatana, chanya ya moja na hasi ya nyingine, 12 na 12. Volti 24. Nyingi za Coaster za dizeli kutoka Japani ziko hivyo, na malori na mabasi makubwa vilevile. Mzee akamwangalia dereva kwa lile jicho lake moja. "Ungemwaga 24 kwenye gari la 12, ungeunguza kompyuta yake, ungeunguza na dinamo, na betri yenyewe ingeweza kukupasukia usoni. Halafu huyu binti angezalia hapahapa gizani. Rudisha gari lako, baba, asante kwa wema wako."

Niseme ukweli, wakati ule nilimwona mzee anatuchelewesha. Sasa ndiyo najua.

Gari dogo likapatikana kwa mama mwalimu wa nyumba ya nyuma, volti 12, imeandikwa pale juu ya betri wazi kabisa. Mzee akanituma kwake nikachukue waya zake. "Za huyo dereva hazifai," akasema, "nje nene, ndani uzi." Na hapa nisimame kidogo, maana ndipo wengi mnapoibiwa. Waya za kubusti zinazouzwa barabarani kwenye foleni zinapendeza, zimefungwa kwenye mfuko wenye zipu, lakini uzikate uone. Plastiki imenona, shaba iliyomo ni ya kuwasha taa ya chooni. Nyingine hata si shaba, ni alumini iliyopakwa rangi ya shaba. Stata ikivuta ampea zake waya inapata moto, plastiki inanuka, na gari haliwaki, halafu mnasema betri ya mwenzako mbovu. Kwa gari dogo la petroli unene wa shaba usipungue milimita za mraba 16. La dizeli au lenye injini kubwa, 25 kwenda juu. Kama huwezi kupima, nyanyua mkononi. Nyepesi, rudisha. Na ziwe na urefu wa kutosha, maana utafika mahali betri moja iko kulia na nyingine iko kushoto. Zile za mzee alizitengeneza mwenyewe kwa waya za mashine ya kuchomelea, na kuzibeba unaona kabisa umebeba kitu.

Magari yakasogezwa yakaribiane bila kugusana. Yote mawili yakazimwa. Handibreki juu, gia kwenye P. Mzee akaamuru taa zizimwe, redio, kiyoyozi, feni, hata chaja ya simu ikachomolewa. Kisha akamulika betri ya shemeji kila upande, taratibu, kama daktari anayemkagua mgonjwa mwenye bima.

"Mzee, mke wangu anazaa!" shemeji akapiga kelele.

"Nimemsikia. Na mimi natafuta ufa."

Betri iliyopasuka, inayovuja, au iliyovimba tumbo haibustiwi, inatolewa. Vitabu vya Ulaya vinaonya pia kuhusu betri iliyoganda kwa barafu. Sisi wa Dar hiyo haituhusu, ugonjwa wetu ni joto. Joto linakausha maji ya betri na linakula vyuma vya ndani kwa kasi, ndiyo maana betri ambayo kwenye nchi ya baridi ingeishi miaka mingi, hapa kwetu miaka miwili mitatu inaanza kulalamika.

Sasa sikilizeni mpangilio, na kaka zangu msione aibu kusoma. Kwanza waya nyekundu, ncha moja kwenye chanya ya betri iliyokufa. Ncha ya pili ya hiyohiyo nyekundu, kwenye chanya ya betri nzima. Kisha nyeusi, kwenye hasi ya betri nzima. Hapo zimebaki hatua moja na watu wote wanajua jibu, si ndiyo? Nyeusi iliyobaki kwenye hasi ya betri iliyokufa. Shemeji naye alikuwa ameishika, anaipeleka huko.

"Toa!" Mzee alifoka, na sijawahi kumsikia akifoka. "Usilete hapo. Peleka kwenye chuma cha injini, mbali na betri. Pale, kwenye ile boliti."

Akaishika mwenyewe akaibana kwenye chuma kitupu kisicho na rangi, ng'ambo kabisa ya betri. Palipogusa pakaruka cheche ndogo ya buluu. Ndogo tu, kama ya kiberiti kilichoshindwa kuwaka.

Hiyo cheche ndiyo habari yenyewe. Ndani ya betri kuna asidi ya salfa na maji, na betri inapochajiwa inatoa gesi ya haidrojeni. Sisi tuliosoma hadi kidato cha nne tunakumbuka ile haidrojeni ya maabara, unaweka kijinga cha moto kwenye testi tyubu inalia "pop", darasa zima linacheka. Ikichanganyika na hewa, kiasi cha asilimia 4 tu kinatosha kushika moto. Sasa fikiria hiyo "pop" ndani ya boksi la plastiki lililojaa asidi, na uso wako uko juu yake kwa sababu unatafuta hasi iko wapi. Ile ncha ya mwisho ndiyo inayokamilisha njia ya umeme, kwa hiyo lazima itoe cheche. Cheche huwezi kuizuia, ila unaweza kuchagua mahali ikarukie. Na kwa kuwa hasi ya betri imefungwa kwenye bodi na injini, umeme unapita vizuri tu kwenye chuma hicho. Magari mengine yamewekewa kabisa kinundu cha kushikia hasi. Kama lako lina kitabu, kifungue siku moja kabla ya shida.

Gari la mama mwalimu likawashwa. Mzee akasema tusubiri dakika tano.

Jamani. Mnajua urefu wa dakika tano? Dada ameanza kutaja majina ya watakatifu ambao hata si wa dhehebu letu. Mama mwalimu anamshika mgongo. Shemeji anazunguka gari kama hirizi imemwishia nguvu. Mimi nasema moyoni, mzee huyu anatuua kwa utaratibu. Lakini zile dakika hazikuwa mapambo. Gari nzima likiwaka, dinamo yake inasukuma kama volti 14, na betri iliyolala inaanza kunywa kidogo kidogo. Ikishanywa, stata haitegemei msaada wa jirani peke yake.

"Piga. Usizidishe sekunde kumi."

Likavuta kivivu, uu, uu, uu, likaishia. Shemeji akataka kurudia palepale, mzee akamzuia kwa kiganja. Tukangoja tena kidogo stata ipoe. Mara ya pili likavuta, likakohoa, likawaka. Watu walishangilia utadhani Simba na Yanga wote wameshinda siku moja, ambalo haliwezekani.

Hata hapo mzee hakuacha mtu apapatike. Kutoa waya ni kinyumenyume cha kufunga. Inaanza ile nyeusi ya kwenye chuma, kisha nyeusi ya betri nzima, kisha nyekundu ya betri nzima, mwisho nyekundu ya mgonjwa, na ncha zisigusane zikiwa bado upande mwingine umebana. Dada akaingia nyuma na mama mwalimu, shemeji akaondoka anakata maji ya barabarani kama boti ya Zanzibar. Walifika hospitali saa tisa kasoro. Mtoto alizaliwa saa tisa na dakika ishirini, wa kike, na mtaani mpaka leo wanamwita dada yangu Mama Betri. Hataki hata kulisikia.

Kesho yake nilimpelekea mzee chai na maandazi, nikamrudishia waya. Nikamuuliza, siyo kwa kumchimba, ile fujo yote ya chuma na boliti alijifunzia wapi. Akajigusa shavu. Kumbe si Kagera. Ilikuwa gereji, yeye kijana, betri ya lori iko kwenye chaji tangu jana yake, na mwenzake akawasha kiberiti ili aone kama maji ya betri yamefika kwenye mstari. Mzee alikuwa amesimama upande wa kushoto. Mwenzake alikuwa ameinama juu. Kuhusu huyo mwenzake hakuendelea, akaomba sukari.

Aliniambia kilichookoa jicho la pili ni pipa la maji lililokuwa nje ya gereji, walimzamisha kichwa. Asidi ikiingia jichoni ni maji safi, mengi, yanayotiririka, dakika 15 hadi 20 bila kuacha hata kama unalia, kisha hospitali. Siyo maziwa, siyo mate ya mtu, siyo kupuliziwa na shangazi. Tangu siku hiyo nikienda kubusti nabeba chupa kubwa ya maji, watu wanadhani nina kiu.

Mchana ule ule alinipa waya. Alisema macho yake hayaoni tena nyekundu na nyeusi usiku, na wanawe wa kiume wote wanajua kila kitu, kwa hiyo hawezi kuwapa. Sharti lilikuwa moja: nisimwazime mtu waya bila kwenda nazo mwenyewe. Ndiyo nimekuwa fundi wa mtaa kwa lazima.

Na nimeona mengi. Nimemkuta baba mzima na suti anataka kuweka nyekundu kwenye hasi kwa sababu kwake hasi ina kifuniko chekundu, aliyembadilishia alikosea. Angalieni alama ya kujumlisha na ya kutoa iliyochongwa kwenye betri yenyewe, rangi zinadanganya. Ukigeuza, diodi za dinamo zinaungua kabla hujasema samahani, na fyuzi kubwa juu yake. Nimewakuta vijana wanapima dinamo kwa kuchomoa kichwa cha betri gari likiwa linawaka, eti likiendelea kuwaka dinamo nzima. Hayo yalikuwa ya magari ya zamani. Haya ya leo yamejaa kompyuta, ukichomoa betri ghafla umeme unaruka juu sana kwa nukta moja, na nukta hiyo ni gharama. Mita ndogo ya kupimia volti inauzwa Kariakoo kwa bei ya kuku, pima ukiwa umewasha. Ikisoma kati ya 13.8 na 14.4, dinamo inafanya kazi yake, waacheni watu wapumzike.

Wenye magari ya haibridi nao wananiita. Betri yao ya volti 12 mara nyingi imejificha nyuma kwenye buti, na mbele kuna kituo maalumu cha kushikia chanya. Kuyasaidia inawezekana kwa kufuata kitabu chake. Kuyatumia kumsaidia mwingine, watengenezaji wengi wanakataza. Na ule umeme wa waya za rangi ya chungwa usiuguse hata kwa udadisi, huo si wa kubusti, ni wa mazishi.

Jambo moja tu nimebishana na mzee wangu. Yeye anaamini betri ukiiweka chini kwenye sakafu ya saruji inalala, lazima iwekwe juu ya ubao. Ilikuwa kweli zamani, maboksi ya betri yalipokuwa ya mpira na mbao, unyevu ukipenya. Haya ya plastiki hayajali sakafu. Nimemweleza, akanisikiliza vizuri sana, kisha akaniambia niende kuleta ubao. Nikaleta.

Kumbuka pia kwamba vijana wa zamani hawakuwa na shida hii kwa sababu walikuwa na kubwa kuliko hii. Betri ya namna hii ilivumbuliwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, lakini magari ya mwanzo yalikuwa yanawashwa kwa kupiga hendeli mbele, na hendeli ikirudi nyuma inavunja mkono. Stata ya umeme ilikuja kuzoeleka baada ya Cadillac kuiweka kwenye magari yake ya mwaka 1912, kazi ya Mmarekani Charles Kettering. Malori mengi yaliendelea kubeba hendeli miaka mingi baadaye, waulizeni babu zenu walivyokuwa wanashika bila kuzungushia kidole gumba.

Haya, gari limewaka, halafu? Wengi wanazima wakifika dukani, wakitoka wanarudi kwangu. Endesha nusu saa, saa nzima ni nzuri zaidi, na siyo kwenye foleni umefungulia kiyoyozi na muziki. Hata hivyo dinamo haikuwekwa pale kufufua maiti, kazi yake ni kujazia kilichopungua. Betri iliyokufa kabisa ipelekwe kwa fundi ikachajiwe polepole usiku kucha, kisha ipimwe. Angalia na vichwa vyake. Ule unga mweupe au wa kijani unaoota pale unazuia umeme. Vichomoe ukianza na hasi, osha kwa maji ya uvuguvugu yenye magadi kidogo, yakitoa povu ndiyo yanaiua asidi, ila yasiingie ndani ya seli. Funga tena, chanya kwanza. Na kama betri yako ni ya kuongezewa maji, ni maji ya betri, ya bomba yana chumvichumvi.

Yupo jirani yangu mmoja, baba mstaarabu, nimembusti siku kumi na moja. Kila asubuhi saa kumi na mbili hodi, kila asubuhi anasema ni watoto wamechezea taa, na watoto wake wako bweni. Juzi nikamwambia, baba, kesho waya hazitoki, nimezifulia. Alinuna. Leo asubuhi natoka kwenda kununua vitumbua namwona anashuka kwenye bajaji na NS40 mpya, ameikumbatia kifuani kwa mikono miwili, mke wake anatembea nyuma na risiti.